Siku Githinji Alipoonekana Kichwa Chini

Githinji ni mlinzi wa jengo refu kule Lusail, nje kidogo ya Doha. Kazi yenyewe ni kusimama karibu na mlango wa vioo kwa saa kumi na mbili, kuwasalimu wenye nyumba na kuwaandika wageni kwenye daftari. Lakini nenda Abu Hamour, anakoishi, uwaulize Wakenya habari za Githinji mlinzi, nao watakutazama tu. Uliza Githinji wa simu, utapelekwa hadi mlangoni.

Jina hilo alilitolea jasho. Alikuja Doha miaka minne iliyopita na simu ya mtumba ambayo kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imeshaisahau. Kila wiki programu moja iligoma kufunguka, ikidai mfumo mpya, na mfumo mpya haukuja. Wenzake wakamwambia anunue simu nyingine. Yeye akaingia mtandaoni, akagundua kuna watu waliotapakaa duniani kote, hawajuani hata kwa sura, wanaotengeneza mifumo mingine ya simu na kuigawa bure. Unaufuta ule uliokuja na simu, unaweka wao. Kuflashi, ndivyo wanavyouita ufundi huo. Githinji alikosea mara tatu. Mara ya nne simu ikawaka, ikawa nyepesi, ikafungua kila kitu, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Ijumaa, watu wakitoka ibadani, walimkuta ameshakalia kiti cha plastiki kwenye kivuli cha maegesho, laptopu mapajani, waya mkononi. Hakutoza mtu kitu, ingawa ukimletea sahani ya pilau hakusema hapana. Chumbani kwake wanalala wanne. Wawili aliwashawishi wakanunua simu za aina moja na yake, akaziflashi zote. Wa nne, Cornelius, dereva wa hoteli kule The Pearl, ndiye aliyemshinda.

"Yangu iache ilivyozaliwa," Cornelius humwambia, huku akiifutia simu yake kwenye shati.

Githinji alikuwa na kasoro moja, nami sitamfichia. Hakujua kukubali kosa. Simu ya mtu ikichemka baada ya kuflashiwa, alisema ni mtandao. Sauti ikikwaruza, ni mtandao. Eugene, wa kitanda cha dirishani, aliamka siku moja akakuta tochi ya simu yake haiwaki, akaenda kuuliza kwa upole kabisa.

"Ni mtandao, boss," Githinji akamjibu. "Wa hapa uko na shida."

Eugene akarudi kitandani akitafakari tochi na mtandao vinahusiana wapi.

Kisha akatokea Miriam. Miriam ni nesi katika kliniki moja ya mjini, mtoto wa Keroka, na siku hiyo alikuwa amemsindikiza tu rafiki yake aliyetaka simu yake ifufuliwe. Alisimama kivulini akatazama kazi yote kimya. Githinji alipomaliza na kuanza kujisifu, akamuuliza, "Na ikifa?"

"Haiwezi kufa."

"Mimi kabla mgonjwa atie sahihi, ninamwambia yote yanayoweza kwenda mrama. Wewe huwaambia nini?"

"Ninawaambia wahamishe picha zao, maana kila kitu kinafutika."

"Na hayo mengine?"

Githinji akakosa jibu. Mwanamume akikosa jibu mbele ya mwanamke mtulivu namna ile, ana njia mbili tu: atoroke au aoe. Kwa kuwa maegesho yalikuwa na geti moja tu na watu wamelijaza, hakutoroka. Ijumaa iliyofuata alikuja na viti viwili.

Mwaka na nusu baadaye Miriam akaenda likizo nyumbani, na huko akamweleza mama yake. Sasa Mama Fabian, kama anavyoitwa kwa jina la kifunguamimba wake, si mtu wa kuelezwa jambo likaisha. Alifundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini. Isitoshe, alikuwa ameshaletewa mchumba mwingine wa Miriam zamani, kijana mwenye ulimi wa asali, kila swali alikuwa na jibu lake tamu, mpaka ilipojulikana ana mke Eldoret. Tangu hapo mama huyo haamini sauti.

"Anataka akuone," Miriam alimwambia Githinji kwa simu. "Ijumaa saa kumi alasiri, ya video. Akiridhika, Jumamosi atawaita ndugu zake waanze kuwasubiri watu wenu waje kuposa. Asiporidhika, Githinji, nitakwambia ukweli, mimi sitampinga mama yangu."

"Ataridhika."

"Na akikuuliza kitu, tafadhali usimletee yale yako ya mtandao."

Githinji alicheka. Alimpenda Miriam vibaya sana. Alimpenda hata alipokuwa akimsahihisha, na hiyo ilikuwa karibu kila siku.

Mtu mwingine angenyoa ndevu akatulia. Githinji alitaka aonekane vizuri zaidi. Alhamisi, baada ya zamu, akapata habari kwamba toleo jipya la mfumo wa simu yake limetoka. Maelezo yake yalikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulisema kamera imeboreshwa. Wa pili ulisema toleo hili ni la majaribio, usiliweke kwenye simu unayoitegemea. Aliisoma yote miwili, akauamini wa kwanza. Na kwa kuwa moyo wake ni mkunjufu, akaziflashi simu zote tatu za chumbani kwa mkupuo mmoja, na ule mfumo wa zamani akaufuta kwenye laptopu ili kupata nafasi.

Ijumaa saa tisa na nusu alikuwa amevaa shati jeupe, amekaa mbele ya ukuta usio na nguo zilizoanikwa. Akafungua kamera ajitazame. Akajiona kichwa chini, kola juu, nywele zinaning'inia. Akaizima simu akaiwasha. Bado kichwa chini. Akajaribu kamera ya nyuma, nayo vilevile. Akaomba simu ya Eugene, Eugene naye akatokea kichwa chini.

"Bana, hii pia ni mtandao?" Eugene akauliza, na safari hii hakuwa mpole.

Simu ya tatu ilikuwa hivyo hivyo. Kamera ya laptopu ilikufa zamani. Kuupakua mfumo wa zamani na kuurudisha kungechukua saa mbili. Ilibaki simu moja tu yenye akili timamu katika chumba hicho, nayo ilikuwa mfukoni mwa Cornelius, na Cornelius alikuwa barabarani na wageni wa hoteli.

Saa ya Doha na saa ya Keroka ni moja, kwa hiyo hapakuwa na dakika ya kuiba. Saa kumi kamili simu ikaita. Githinji akafanya lililomjia kwanza: akaishika simu juu chini. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kule Keroka alionekana wima, kijana nadhifu mwenye shati jeupe. Tatizo ni kwamba yeye ndiye aliyeona kwa kinyume. Mama mkwe mtarajiwa alimtokea miguu ya kochi juu, kitambaa cha kichwa chini, na Miriam kando yake akiwa vivyo hivyo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Habari za huko?"

"Nzuri, Mama. Joto tu."

Akaulizwa kwao ni wapi, akasema Nyahururu. Akaulizwa wazazi, akasema wapo, baba ana ng'ombe watatu wa maziwa. Akaulizwa kanisa, akajibu. Maswali yalikwenda vizuri, ila kila aliposikiliza alitaka kumwona anayeuliza, na kila alipotaka kumwona, shingo ilijipinda yenyewe. Ililalia bega la kulia. Ikahamia bega la kushoto.

"Kijana," Mama Fabian akasema, "mbona unainamisha shingo? Unaumwa?"

Miriam akasogea karibu na simu. Uso wake, hata ukiwa juu chini, ulikuwa uso wa nesi anayetazama mgonjwa.

Githinji akafungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari, limekaa mahali pake pa siku zote, na hakuna mtu hapo Keroka ambaye angelipinga, kwa maana nani asiyejua mtandao unavyosumbua. Lilifika hadi kwenye meno. Akamtazama Miriam, akaona kwamba Miriam naye analisubiri, na kwamba hataki kulisikia.

"Siumwi, Mama," akasema. "Nakuona kichwa chini."

"Nini?"

"Nimeishika simu juu chini. Jana niliibadilishia mfumo ili unione vizuri, na waliouandika walisema wazi nisiuweke kwenye simu ninayoitegemea. Nilisoma, nikauweka. Nikaharibu na simu za wenzangu wawili. Sasa kamera inapindua watu."

"Kwa hiyo ni simu mbovu."

"Simu haina kosa. Ni mimi." Jasho lilikuwa limeshalowesha kola, na kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi. "Na tochi ya Eugene ya mwaka jana, pia ni mimi."

Nyuma yake, kitandani, Eugene akainuka kwa kiwiko.

Mama Fabian akamgeukia binti yake wakaongea Kigusii, haraka haraka, na Githinji hakuambulia hata neno. Mkono wake ulikuwa umekufa ganzi kwa kuinua simu. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya kwanza uwanja wa ndege, na hakuwa na mtu wa kumlaumu.

"Githinji," mama akaita.

"Naam, Mama."

"Unaiona hii simu tunayoongea nayo? Ni yangu. Ni nzee, inakwamakwama, lakini inaonyesha watu wakiwa wamesimama."

"Ndiyo, Mama."

"Basi ukija, usiiguse."

Miriam akajifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Githinji alihitaji kama sekunde tatu kulisikia lile neno "ukija", na alipolisikia alitaka kuwaona watu hao wawili jinsi walivyo, nyuso juu na kochi chini, hata kwa mara moja tu. Akaigeuza simu ikakaa sawa. Kule Keroka yeye ndiye aliyepinduka, shati jeupe juu na kichwa kikining'inia, akitabasamu meno yote nje, na akaiacha hivyo hivyo mpaka mama huyo alipochoka kumcheka.