Nilivyombana "mla intaneti" wa saa kumi kwa tc hapa nyumbani Bukavu

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi, na aibu bado ninayo.

Nipo mtaa wa Nyalukemba. Nafanyia kazi nyumbani, na intaneti ni moja kwa wote: mimi, mke wangu, Papa yangu mzee na wapangaji wawili wa nyuma. Inapita kwenye kompyuta chakavu ya Linux niliyoigeuza kuwa router.

Kila saa kumi jioni nina kikao cha kazi mtandaoni, na kila saa kumi sauti yangu ilikuwa inakatika. Bosi kashaanza kununa. Nikatangaza nyumba nzima: saa kumi asinigongee mtu mlango.

Halafu nikachunguza. Kumbe kuna simu moja inavuta video saa nzima, kila siku, wakati uleule. Orodha inaonyesha namba ya kifaa tu, jina hakuna. Nikajisemea ni wapangaji na mpira wao.

Waliowahi kutumia tc, ile amri ya Linux ya kudhibiti mtandao, wanajua raha yake. Unagawa bandwidth, yaani uwezo wa intaneti, kwa madaraja, kila daraja na kasi yake. Ile simu nikaitupa daraja la mwisho, kilobiti 64. Ujumbe unapita, video inaganda.

Sikumuuliza mtu. Kikao kikaenda safi, nikajiona fundi kweli kweli.

Siku ya tatu kikao kikaahirishwa. Natoka, namkuta Papa barazani amevaa koti la misa, anafunga viatu.

"Papa, unaenda wapi?"

"Ku Miti. Dada yangu haiko anatikisika tena."

Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye thermos. Shangazi yupo kwenye kioo, mkono ndani ya ungo wa maharage, ameganda.

Hapo ndipo nilipojua kwamba simu niliyoibana ni ya Papa. Kila siku wale wawili wanafungua video na hawaongei. Yeye anachambua maharage kule, Papa anatengeneza redio zake mbovu huku. Ndivyo walivyokaa tangu utoto, pamoja na kimya.

"Siku tatu namuonaka hivi. Nilimupigia, akasema iko muzima. Lakini hata siku alivunjika mukono alisema iko muzima."

"Juu ya nini haukuniambia, Papa?"

"Ulisema tusikusumbue, uko mu réunion ya kazi."

Wakuu, niliumia. Njia ya kwenda Miti, kijijini kwa Shangazi, siku hizi haina usalama, na magoti ya Papa ndiyo mabovu kabisa. Angeenda hivyohivyo, kwa sababu yangu.

Nilirudi ndani, nikabadilisha mstari mmoja. Simu ya Papa ikapata daraja lake, megabiti moja ya uhakika, kipaumbele cha kwanza. Mashine yangu inakula kinachobaki.

Nikakaa naye tukisubiri. Picha ikachezacheza, kisha ule mkono ukaokota punje mbovu na kuitupa. Papa akashusha pumzi.

Shangazi akainua macho.

"Kaka, juu ya nini umevaa koti?"

"Iko baridi," Papa akasema, na jua lote lile.

Nilichojifunza: tc itakuambia kifaa kipi kinavuta kiasi gani. Ni cha nani na kinavuta kwa ajili ya nini, uliza watu wa nyumbani kwako kabla ya kukata.

Mwenye mgawanyo bora kuliko wangu aweke hapa, nakosoleka. Ila daraja la Papa haliguswi. Bosi nimeshamwambia: sauti yangu ikikatika, ajue kule Miti maharage yanachambuliwa.