Gunia Juu ya Miche

Jumamosi nne mfululizo, majirani wa ploti yetu Kariobangi tulizoa taka kando ya mto, tukapanda mianzi. Jumamosi ya tano tulikuta gunia la taka limetupwa juu ya miche, imevunjika yote. Nilifoka. Watu gani hawa, wasio na haya? Nikaapa kumwaibisha mwenyewe hadharani, nikalipasua gunia kwa panga. Yakamwagika maganda ya viazi, pakiti za unga, na daftari la hesabu. Jirani akaliokota, akasoma jina kwa sauti. Lilikuwa la binti yangu.

Kila Ijumaa mimi humlipa mtu wa mkokoteni aniondolee taka mlangoni. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza anazipeleka wapi.