Mbwa Asiye na Mwenyewe

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kamba na fimbo ya mkwaju. Bwana Mifugo, mkubwa wangu wa kwanza pale Wete, aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza.

"Basi umezidi," akasema. "Ng'ombe hawaulizi cheti."

Wenye vyeti waliokuja nyuma yangu waliikimbia kazi mmoja mmoja. Mimi nilikaa mpaka nikastaafu, na sikubebwa na mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Baraza lina sheria ndogo, yaani zile linazojitungia lenyewe kwa eneo lake. Ng'ombe akizurura mjini, tunamtia zizini mpaka mwenyewe aje. Mbwa ana mambo zaidi: aandikishwe, achanjwe, avae mkanda shingoni. Akiuma mtu, tunamfungia siku kumi tukimtazama. Mwenye kichaa hafiki mwisho wa siku hizo. Na aliyeumwa achomwe sindano mapema, maana ugonjwa ule ukishajionesha hakuna daktari wa kuurudisha nyuma.

Shida ya kwetu Pemba, mbwa yupo lakini hana mwenyewe. Watu wanamtaka alinde muhogo na kima, ila hawataki aonekane mlangoni, kwa ajili ya najisi. Basi anawekewa chakula mpakani mwa shamba. Ukiuliza wa nani, kila mtu anashangaa.

Nilipohamishiwa upande wa Msuka, sheha, kiongozi wa serikali pale mtaani, alinipigia simu Jumatatu moja: mbwa kamng'ata mbuzi, anatoka udenda, anauma hewa. Nilimkamata kwa kitanzi, gongo refu lenye kamba nchani. Kwenye meno yake nikaona kipande cha kanga kina damu. Mbuzi havai kanga.

Nikapita nyumba kwa nyumba. Nani kaumwa? Hakuna. Mbwa wa nani?

"Labda kaja na bahari," akasema mama mmoja, na wenzake wakacheka. Kicheko kikakatika chote pamoja, kama mtu kazima redio.

Nilimfungia bandani, nyuma ya ofisi. Jumanne sauti ikambadilika. Kichaa hukaza koo la mbwa, hilo nalijua, lakini yule aliacha kubweka kabisa. Alikuwa anakohoa, kama mzee aliyefika mlangoni kabla ya kupiga hodi. Nilikuwa peke yangu natafuta kofia niende adhuhuri. Nikaitika, "Karibu!" Akakohoa tena, nikaitika tena. Mara ya tatu nikaona haya, nikanyamaza, na hapo nikasikia hatua za mtu kweli. Nikatoka. Hapana mtu. Mbele ya nondo kibakuli cha muhogo wa kuchemsha, bado unafuka moshi.

Jumatano kikaja kingine. Alhamisi vilevile. Kila mara adhuhuri, wanaume wako msikitini, njia nyeupe, hata kuku hapiti.

Ijumaa niliiacha sala ya jamaa kwa makusudi, Mungu ananijua kwa nini. Nikakaa nyuma ya pipa. Akaja Bi Mize, mwenye chuo cha Kurani, aliyewasomesha nusu ya watoto wa pale. Mkono wa kushoto kaufunika kwa kanga. Akachuchumaa.

"Kula, mwanangu."

Mbwa, aliyekuwa akiutazama ukuta siku nne nzima, akageuza kichwa.

"Bi Mize," nikasema, "nionyeshe mkono."

Hakushtuka. "Nimeuosha, Hamadi. Mara saba, moja kwa mchanga. Umeshatoharika."

"Kwa sala umetoharika. Sumu iko ndani. Twende hospitali."

"Wataniuliza mbwa wa nani. Nikisema wangu, kesho chuoni kwangu haji mtoto hata mmoja. Nisomeshe kuta?"

"Na ukifa, utamsomesha nani?"

"Nitakufa na jina langu."

Nyuma yake mbwa akakohoa. Bi Mize akageuka, akaitika, "Karibu." Kisha akajisikia mwenyewe. Akajiziba mdomo.

"Na nyumbani naisikia sauti hii," akasema polepole. "Tangu juzi. Nakwenda kufungua mlango."

Nyumbani kwake ni mbali, mpaka uvuke bonde. Nilimpakia kwenye pikipiki, na safari hii hakubisha.

Hospitali wakauliza mbwa wa nani. Bi Mize akainamisha kichwa. Nikasema, "Wangu." Nikaandika jina langu kwa mkono wangu, kwa mwandiko wangu wa darasa la tatu.

Mbwa akafa Jumamosi. Bi Mize akamaliza sindano zote, na chuo hakikufungwa hata siku moja.

Mkuu wa Idara aliniita. "Hamadi, wewe unayekamata mbwa wasioandikishwa, wako hukumwandikisha?"

"Ndiyo, mkuu."

"Una wazimu?"

"Bado, mkuu."

Akanipa barua ya onyo, ninayo mpaka leo. Majirani nao wakaacha kula kwangu, na wengine hawajaanza tena.

Nyie mnaoshika kazi hii sasa, msianze na mbwa wa nani. Ulizeni kwanza nani kaumwa, tena kwa upole. Mimi nilianza vibaya, nikapoteza siku nne za mtu.

Bi Mize amefariki mwaka huu, kwa uzee wake, kitandani kwake. Siri yake siitoi kwa kuropoka. Aliniita mwenyewe kabla, akaniambia, "Nikishazikwa, waambie. Huenda sasa hivi yuko mtu kajifungia, anahesabu mara saba."