Kamba ya Nguo ya Namuwongo

Mama alinituma Kampala kwa amri moja: nisirudi Nakuru bila dada yangu Atieno. Alikuwa amesikia mfereji ulio nyuma ya chumba cha Atieno umeanza tena kufurika. Nami, bingwa wa kila kitu, nikapanda basi.

Mpakani Busia, afisa aliniuliza naenda kufanya nini. "Kuokoa mtu," nikajibu kwa sauti nzito. Akagonga muhuri huku akipiga miayo.

Namuwongo, mtaa wa mabanda wa Kampala, nilifika asubuhi, nikafuata reli mpaka kwa Atieno. Alinisikiliza nikihubiri, akafua shati langu la safari, akalianika kwenye kamba nene iliyokatiza kichochoro.

"Hiyo ndiyo kamba ya waokoaji wetu," akasema.

Ala! Kikosi kizima cha kujitolea, kifaa chake ni kamba moja, tena imejaa soksi na nepi! Nilicheka hadi nikakohoa. Mkuu wa kikosi, Mzee Okello, mwanajeshi mstaafu kutoka Gulu, alikuwa jirani hapo akichoma mahindi.

"Ssebo, bwana, kamba ya stoo panya nakula," akaniambia. "Hii kila mama naona kila siku. Ikianza kukatika, kelele mpaka mtaa wa Kibuli."

Alasiri mvua ikashuka. Atieno akarudi ndani kuokoa cherehani yake, na maji yakamfungia humo. Tulimwona ameng'ang'ania nondo za dirisha, maji kifuani. Mimi mwokoaji kutoka Nakuru nilisimama nikipiga mayowe tu.

Nguo zote zikatupwa matopeni, shati langu likiongoza. Okello akajifunga kamba kiunoni, akaingia majini. Nyuma yake wakashika muuza chipsi, fundi viatu, na mama aliyekuwa amegombana na Atieno asubuhi hiyo kwa nafasi ya kuanika.

"Banange, weye shika! Hapana lia!" akanifokea huyo mama.

Nikashika, nikalia vilevile. Okello akamfikia Atieno, akamkumbatia, nasi tukavuta mpaka wakatoka, Atieno akikohoa, bila cherehani.

Kesho yake kamba ilikuwa juu tena, na ugomvi wa nafasi umeanza upya. "Twende nyumbani," nikamsihi.

"Huko kwenu nani atanivuta, kaka?"

Nilirudi Nakuru peke yangu. Mama alinuna, nami nikanunua kamba nene. Ncha moja nikaifunga kwenye baraza langu, ya pili nikaenda nayo mlango wa pili, nikabisha.

"Nani?"

"Jirani."

"Jirani gani?"