Kamera Nne za Nyumba ya Bel-Air

Kyakimwa alitembea na kamera nne kichwani kwa wiki tatu nzima kabla hata moja haijafika nyumbani kwake Bel-Air. Alikula nazo, akalala nazo. Mteja aliyekuja kwenye depo yake kuchukua magunia ya maharage alijikuta anaulizwa, kabla salamu haijaisha, kama kwake ana kamera, na kama anazo, je, zinaona gizani, na umeme ukikatika zinafanyaje. Wengine walijibu. Wengine walibeba maharage yao wakaenda zao.

Msimcheke. Mtu aliyeingia Lubumbashi mwezi wa tatu mwaka 2025 na mume, watoto wawili, mama mzazi na mabegi matatu, baada ya kuzunguka Uganda, Tanzania na Zambia kwa sababu Goma ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi, mtu huyo ana haki ya kupenda kitu mpaka awachoshe wenzake. Mumewe, Adrien, alirudi kwenye kazi anayoijua, lori na barabara, leo Kasumbalesa, kesho Kolwezi. Kyakimwa alishika depo. Haikupita miezi miwili watu wakamjua: Mama Chance, yule wa maharage, anayecheka mpaka ng'ambo ya barabara.

Jambo moja tu lilimnyima raha, nalo lilikuwa limekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na lango la kiwanja chake.

Mama yake, Mama Virginie, alikuwa analinda. Asubuhi hadi jioni, kila siku ya Mungu. Siku watu wenye silaha walipoingia kwao Goma, familia nzima ilikuwa imejikunyata katika chumba cha nyuma, na hakuna aliyesikia lango likifunguliwa. Hawakumwua mtu, Mungu ashukuriwe, lakini walibeba kila kitu hadi magodoro. Tangu siku hiyo Mama Virginie aliapa kwamba lango halitabaki tena bila macho ya mtu. Kanisani hakwenda. Sokoni hakwenda. Sahani ya chakula ilimfuata pale pale, na jua likimchoma alisogeza kiti nusu hatua. Sasa miguu yake ilikuwa imevimba, na daktari alikuwa amesema bila kuzunguka: huyu mama atembee, la sivyo miguu itakataa kabisa.

"Mama, simama kidogo tu, tufike kwa jirani Annie," Kyakimwa alimwomba mara ngapi sijui.

"Na huku nani atabakia?"

Basi siku mteja mmoja alipotoa simu yake pale depo na kumwonyesha Kyakimwa nyumba yake mwenyewe, mbwa wake mwenyewe akijikuna mbele ya lango lake mwenyewe, Kyakimwa alifunga depo mapema na kukimbia nyumbani kama aliyeitwa harusini.

"Mama! Utaona portail ndani ya telefone! Hata ukiwa ku kanisa, utaiona!"

Mama Virginie alimtazama binti yake, akalitazama lango, akafikiri sana.

"Siku nitaiona na macho yangu mu telefone, njo siku nitatoka hapa."

Kwa Kyakimwa hilo lilikuwa neno la mkataba. Na mtu mwenye mkataba hatulii. Hakujua tofauti ya kamera na tochi, lakini alijifunza. Alitazama video mpaka simu ikawaka moto mkononi. Jumapili moja, ibada ilipokwisha, alienda mtaa wa Golf kuona matajiri wamezifungaje zao, akawa anapita ukuta baada ya ukuta, shingo juu, akihesabu kwa kidole, mpaka mlinzi mmoja akatoka kumwuliza anatafuta nini.

"Niko najifunza," Kyakimwa alimjibu, na kwa furaha yake akamwuliza mlinzi kwa nini ile ya kona imeinamishwa vile. Mlinzi alimwomba aondoke. Kyakimwa hakukasirika hata kidogo. Alikuwa amekwisha kuona kwamba kamera haifungwi ikilitazama jua, na hilo ndilo alilolifuata.

Fundi alimpata mjini, kijana aitwaye Guelord, mpole, mwenye kalamu sikioni.

"Ma Chance, unichoree nyumba," Guelord alimwambia. "Milango, madirisha, fasi ya kila kamera, na mita. Mi nitakata waya yote mbele ya kuya, kazi itaenda mbio."

Ee, kuchora! Kyakimwa alikaa kwenye gunia pale depo, akakata karatasi kubwa ya katoni ya biskuti, akaazima rula ya mtoto. Kupima hakupima. Mtu anapima nyumba ya wengine. Yake anaijua kwa miguu. Mkono ulikwenda wenyewe. Kamera ya kwanza langoni. Ya pili kwenye vidato vitatu vya baraza, maana hapo kila mgeni lazima apande. Ya tatu ubavuni, mlango wa jikoni. Ya nne nyuma, kwenye mti wa parachichi, kwa sababu mwizi mwenye akili angeshukia hapo. Aliweka mita mbele ya kila mstari, akaiangalia kazi yake, akaipenda. Alimpelekea Guelord siku ile ile, naye Guelord alisifu: kwa mtu wa mara ya kwanza, mchoro safi.

Jumamosi asubuhi fundi akafika na ngazi begani, waya zimekatwa tayari, kila moja imefungwa karatasi yenye namba. Kyakimwa alikuwa amevaa kitenge kipya. Kwa ajili ya kamera, ndiyo. Mama Virginie alikuwa kitini kwake. Guelord aliingia, akafungua mchoro, akautazama, akaitazama nyumba. Akaugeuza mchoro juu chini. Akazunguka upande wa kulia, akarudi. Akazunguka upande wa kushoto, akarudi.

"Ma Chance, ile escalier ya barza iko wapi?"

"Si iko mbele yako!"

Mbele yake hapakuwa na kidato hata kimoja. Baraza ya nyumba ile ilikuwa sawasawa na ardhi.

"Na mulango ya jikoni?"

"Pale ku ubavu, karibu na avoka."

"Avoka gani, Mama?"

Kyakimwa aliinua mkono kumwonyesha mti wa parachichi. Mkono ukabaki hewani. Ubavuni palikuwa na ukuta wa matofali na kamba ya nguo. Hapakuwa na mti, na hapajawahi kuwa na mti.

"Leta hiyo karatasi," alisema Mama Virginie.

Guelord alimpelekea. Bibi aliishika mbali na macho yake, akaipitishia kidole polepole.

"Hii hapa ni avoka ya baba yako. Alipanda mwaka ulizaliwa. Apa njo chumba yangu." Kidole kilisimama. "Kyakimwa, mutoto yangu, ulichora nyumba ya Goma."

Kyakimwa alikaa chini pale pale, na kitenge chake kipya. Alitaka kucheka, kikatoka kilio. Nyumba ambayo leo hawajui nani analala ndani yake, alikuwa ameilinda vizuri kabisa, kona zote nne, bila kukosea hata mita. Na hii waliyolala ndani yake miezi saba hakuijua. Alitoka alfajiri, alirudi jioni, alikula, alilala.

Guelord alikohoa kidogo, kwa heshima. "Haina mubaya, Ma. Waya itaungwa. Lakini huku nyuma iko namna gani?"

Kyakimwa aligeuka. Alimtazama mama yake. Naye Mama Virginie, aliyelinda nyumba ile tangu siku ya kwanza, hakuwahi kufika huko nyuma.

Bibi alishika mikono ya kiti, akasimama.

Alikwenda taratibu, mkono mmoja ukutani, binti nyuma yake, fundi nyuma ya binti. Walipopinda kona ya mwisho, waliona ukuta wa nyuma una pengo la kupita ng'ombe, na kuku watatu wa jirani Annie wakiingia kwa nafasi yao, kama watu waliolipa kodi.

Mama Virginie alianza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa.

"Miezi saba mi nachunga portail!"

Guelord alitoa kalamu sikioni, akataka kuchora upya nyuma ya katoni ile ile. Bibi akamnyang'anya.

"Hii hapana. Tafuta ingine." Aliikunja mara mbili na kuiingiza kifuani, ndani ya kitenge. Kisha akamgeukia binti yake. "Na nyumba ya huku, tuipime."

Walianzia kwenye pengo la ukuta. Kyakimwa alimpa mama mkono, wakahesabu kwa sauti, hatua kwa hatua, Guelord akiandika.

"Kumi na saba," alisema Kyakimwa walipofika kona.

"Makumi mbili na moja," alikataa mama yake, akihema. "Andika yangu."