Kanisa Limefunga kwa Ajili ya Karatasi Zangu, Kumbe Nadaiwa na Benki

Admin, jina langu usilitoe, maana wengi wa kanisa letu la Carrollton wanafuata ukurasa huu. Wakikisia ni mimi, basi, wakisie.

Nina miaka ishirini na sita, ni Mkenya, sijaolewa. Ninaishi Houston, upande wa Sharpstown, na ninafanya kazi ya ofisini katika kliniki moja. Kabla ya hapo niliishi Carrollton kwa aunty yangu, mdogo wa mama, ambaye ni nesi. Ndiye aliyenileta Amerika kusoma, akanilisha, akanivisha, na hajawahi kunisimanga hata siku moja. Karatasi zangu za kuishi na kufanya kazi huku ziko sawa kabisa. Hilo lishikeni, kwa sababu ndipo aibu yangu ilipo.

Nilipomaliza chuo nilitaka watu waone nimemaliza. Aunty alitaka kugharamia sherehe, nikamwambia, "Aunty relax, nimejipanga." Nimejipanga wapi? Akaunti yangu ya mwanafunzi ilikuwa imekauka, lakini kila nikipitisha kadi ilikubali, maana benki ilikuwa ikiniachia nitumie pesa nisizokuwa nazo kisha inanitoza faini juu yake. Nilinunua gauni na viatu, nikamlipa mpiga picha, nikalipia na nyama ya wageni. Picha zikaenda nyumbani, mama akazionyesha mtaa mzima. Mimi nikapata kazi Houston, nikafungua akaunti benki nyingine, na ile ya zamani nikaikaushia kama unavyomkaushia mwanaume usiyemtaka.

Benki ilipochoka kunisubiri, iliuza deni kwa kampuni ya kudai. Wakaanza kunipigia kila mara, nami nikawa nafungia kila namba. Lakini akaunti ile niliifungua nikiwa kwa aunty, na namba yake niliiandika kama ya nyumbani. Basi wakampigia yeye. Sheria ya huku haiwaruhusu kumwambia mtu mwingine kwamba unadaiwa, kwa hiyo mwanaume aliyepiga aliuliza tu kama ananijua na ninaishi wapi siku hizi. Aunty akauliza kuna nini. Akajibiwa ni jambo langu binafsi.

Nyinyi mnaoishi huku mnajua aunty alifikiria nini; siku hizi hata mwenye karatasi safi anawaogopa watu wa uhamiaji. Alinipigia akinong'ona, na yuko peke yake jikoni kwake.

"Sikiza, wanakutafuta. Nimewaambia sikujui. Hiyo ni immigration. Wakibisha, don't open that door, unanisikia?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Ilihitaji sentensi moja tu: aunty, hao ni watu wa deni. Lakini nilikumbuka jinsi nilivyojigamba siku ya sherehe, na mdomo wangu ukasema, "Woi aunty, hata sijui ni nini." Akaanza kulia.

Nilidhani yataishia hapo. Kumbe aliwaambia wenzake wa kikundi cha maombi, wakafunga kwa ajili yangu. Siku ya kufungua waliniweka kwenye simu, wakaomba kwa sauti kubwa macho ya adui zangu yapofuke wasiione nyumba yangu. Jamani, adui mwenyewe ni karani wa kudai madeni! Na mimi nikasema amina. Niliisema kwa nguvu kabisa.

Katika kikundi hicho kuna mama mmoja Mkongomani, tumwite Mama Neema. Anapakia mizigo kwenye ghala, na alikuja huku kutoka kambi ya wakimbizi. Aliomba simu, akaniambia, "Mwanangu, miye najua kuogopa mulango. Usikae na njaa. Tuko pamoja na weye." Yule mama alikimbia watu wenye bunduki. Mimi nimekimbia bili ya viatu. Nilikata simu nikalia mpaka uso ukavimba, na kazini nikasema nina mafua.

Baada ya maombi ukaja mchango, wa kunitafutia wakili. Aunty amenitajia waliotoa mmoja mmoja. Mama Neema ametoa pesa alizokuwa akiweka za tiketi ya kwenda kumwona mama yake. Aunty mwenyewe amebadilisha namba yake ya simu, ile aliyokuwa nayo tangu afike Amerika, ili wasimpate tena.

Niliposikia hayo niliipigia ile kampuni kwa hiari yangu. Alipokea msichana mpole tu. Tumekubaliana nilipe kidogo kidogo kila mwezi, na nimeshaanza. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa jepesi hivyo. Kinachonitesa sasa si deni tena.

Rafiki yangu wa kazini ananiambia, "Wewe sema tu Mungu amejibu, case imefungwa, uwarudishie pesa zao. Nani atajua?" Nakiri limenivutia. Tatizo ni kwamba aunty ameahidi nikipona balaa hili atatoa ushuhuda kanisani. Nikimfikiria Mama Neema amesimama pale anamshukuru Mungu kwa uongo wangu, najichukia. Na nikisema kweli, aunty ataonekana mjinga mbele ya wenzake kwa sababu yangu, na sijui kama atanitazama tena kama mtoto wake.

Jumamosi hii wanakuja, aunty na Mama Neema, wanaendesha saa nne kutoka Carrollton mpaka hapa kuniletea bahasha ya mchango mkononi. Aunty amenipikia chapati, anasema anajua sili kwa hofu. Ameniambia wakifika hawatabisha, wataimba wimbo wa kanisa nje ya mlango ili nijue ni wao, nisishtuke.

Nishaurini, ndugu zangu, hata mkinitukana nitasoma. Wakianza kuimba nami nikafungua huo mlango, nianze na neno gani?