Rangi ya Kucha kwenye Mita

Ndalahwa hakuja Tarime kuendesha pikipiki. Alikuja na sururu begani, kama Wasukuma wenzake waliosikia kwamba nyuma ya vilima vya Itiryo mtu akichimba choo anakutana na dhahabu. Shimo alilokuwa na hisa ndani yake lilijaa maji, wenzake wakatawanyika mmoja mmoja, naye akabaki na kikohozi cha vumbi na aibu ya kurudi kwao mikono mitupu. Ndipo akapata pikipiki ya Theodora.

Theodora, ambaye watu wote walimwita Mama Bhoke, alikuwa mjane, Msabato, mfanyabiashara wa nafaka pale Sirari, mwenye dada na wajukuu ng'ambo ya mpaka. Mkataba wao ulikuwa ule uliozoeleka machimboni: Ndalahwa abebe viroba vya mawe kutoka mashimoni hadi kwenye karasha, mashine ya kuponda mawe, bondeni, amfikishie mwenye chombo fungu lake, na mavuno ya mahindi yakiisha, pikipiki iwe ya Ndalahwa. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuchanua. Mkewe, Luciana, alikwisha kuambiwa afunge mizigo. Pikipiki ikishakuwa yao, atakuja na watoto, wapange chumba karibu na barabara.

Wenye pikipiki hawakai machimboni, kwa hiyo wasichokiona kwa macho walikisoma kwenye mita. Njia ya karasha ilijulikana na safari zilijulikana. Kilomita zikizidi, dereva kaenda kwingine. Madereva wajanja wakajibu kwa kuchomoa waya wa mita wakiwa kwenye safari zao za siri. Wenye mali nao wakajibu kwa rangi ya kucha. Walipaka tone jekundu kwenye nati inayoshika waya, moja juu kwenye mita, jingine chini kwenye gurudumu. Nati ikiguswa, rangi inapasuka, na rangi ikipasuka hakuna mjadala. Mama Bhoke aliwahi kuibiwa na dereva wake wa kwanza hata akaifuata pikipiki mpaka Busawe na kuikuta haina injini. Yeye alipaka rangi mwenyewe, tena tabaka mbili.

Balaa liliingia kwa mlango wa mbele. Rimu ya gurudumu la mbele ilipasuka kwenye mawe, na Mama Bhoke, kwa kubana matumizi, akanunua gurudumu kuukuu ng'ambo, la pikipiki ya aina nyingine, dogo kidogo kuliko la kwanza. Alisimama mwenyewe likifungwa, akapaka rangi yake, akaondoka. Kuanzia siku hiyo mita ikaanza kukimbia. Ndalahwa akipanda kilima kwa mwendo wa punda, mshale unamwambia anakwenda kama basi. Mwanzoni alicheka. Jumapili Mama Bhoke alipoinama kusoma kilomita, kicheko kikamwishia.

"Zimezidi," alisema mama yule.

"Mama, mita inakimbia. Tangu tulipofunga lile gurudumu—"

"Chuma kidanganye, mtu aseme kweli?" Aliinuka, akajifuta magoti. "Kijana, mimi sina kelele. Nakwenda msibani kwa dada yangu. Jumapili ijayo nikikuta zimezidi tena, unashuka, anapanda Mogesi." Mogesi alikuwa mtoto wa kaka yake, kijana mpole, aliyekuwa amesimama pale pale akitazama chini.

Ndalahwa alikwenda kwa Odongo, fundi aliyekuwa na kibanda cha mabati njiapanda. Odongo akazungusha gurudumu kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Ngosha, hili gurudumu limekuja na kigia chake ndani. Ni hiki cha plastiki kinachozungusha waya. Kilitengenezewa mita nyingine kabisa. Na gurudumu lenyewe ni dogo, linazunguka mara nyingi kwa njia ile ile. Unalaumiwa kwa kilomita ambazo hujazikanyaga."

"Nitajuaje hakika?"

"Barabara ya lami ina nguzo za kilomita. Twende."

Walishuka mpaka lami, Odongo nyuma akisoma nguzo kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Walipofika nguzo ya kumi, mita ilikuwa imeandika kilomita karibu kumi na mbili. Ndalahwa alisimamisha pikipiki kando ya barabara, akakaa kwenye majani. Miezi yote alikuwa akijihesabia mwaminifu, na tangu Jumapili alikuwa ameanza kujitilia shaka mwenyewe, labda kweli anazunguka asikokumbuka.

"Omera, usilie, dawa ipo," alisema Odongo. "Binamu yangu kule Isebania, ng'ambo, ana vigia vya kila namna. Lakini kukifunga ni lazima nifungue nati ya chini. Unaiona ile rangi? Mpigie mama kwanza."

Ndalahwa alipiga. Simu haikupatikana. Alipiga tena kesho yake, na kesho kutwa, akiwa amepanda juu ya mwamba wenye mtandao. Msiba wa Wakurya haukimbiwi, na ng'ambo Mama Bhoke alitumia laini nyingine ambayo Ndalahwa hakuijua. Kigia kilifika Alhamisi. Akiacha kukifunga, Jumapili kilomita zitazidi, naye atashuka. Akikifunga, rangi itapasuka.

"Subiri," Odongo alimshauri. "Mwonyeshe nguzo akirudi."

"Amesema zikizidi nashuka. Hakusema atanisikiliza. Funga."

Odongo akafunga. Walirudi kwenye nguzo na mita ikaenda sambamba nazo, nguzo kwa nguzo, bila kupungua wala kuongezeka. Ndalahwa alikifunga kile kigia cha zamani kwenye kitambaa, akakitia mfukoni, akarudi kazini akiimba. Alijiambia kwamba mtu akiona ukweli wazi hivi atapata wapi pa kukasirikia?

Jumapili Mama Bhoke alikuja na Mogesi. Ndalahwa alimwamkia, akampa pole ya msiba. Yule mama aliitikia marahaba kwa upole wa kweli, akainama, akasoma kilomita. Zilikuwa zimepungua kuliko za juma lililopita. Alitabasamu. Kisha macho yake yakashuka kwenye gurudumu, na tabasamu likafia pale.

"Nani amefungua?"

"Ni mimi, mama, pamoja na Odongo. Nilikupigia, hukupatikana. Kigia kilikuwa si chake. Hiki hapa." Alifungua kitambaa. "Tumepima kwenye nguzo. Sasa inasoma sawa."

Mama Bhoke hakukitazama kigia. "Nilipokutisha kwa maneno, kilomita zimepungua. Na rangi imepasuka. Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungesemaje?"

"Twende kwenye nguzo, mama. Hata sasa hivi."

"Najua itasoma sawa. Sijasema mita yangu ni mbovu. Iliposoma zaidi, nguzoni alikuwapo nani?"

"Odongo."

"Fundi wako."

"Basi nirudishe hiki cha zamani, uone kinavyokimbia!"

"Ili uiharibu mbele ya macho yangu?" Alinyoosha mkono. "Zikizidi, una safari zako. Zikipungua, umechomoa waya. Mimi nishike lipi? Nipe ufunguo, mwanangu. Polisi sikupeleki. Nitakuombea."

Odongo alikuja mbio kutoka kibandani, mikono ikiwa na grisi, akaeleza gia na duara na waya mpaka mate yakamkauka. Mama Bhoke alimsikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dhehebu lingine. Kisha akatoa chupa yake ndogo kwenye mkoba, akapaka nati rangi mpya.

Ndalahwa alimpigia Luciana jioni ile akamwambia afungue mizigo. Luciana aliuliza kwa nini. Alijaribu kueleza, akajisikia anaongea kama mwizi, akakata.

Alirudi mashimoni kuvuta kamba na kupakia viroba. Mogesi akawa anakuja kupakia pale pale, na kilomita zake zilikwenda sawa na njia kila Jumapili. Siku moja baada ya mavuno Mama Bhoke alipanda mpaka mashimoni, akamshika bega mtoto wa kaka yake mbele ya watu.

"Huyu ndiye mwaminifu," alisema. "Tangu ameshika pikipiki, mita haijawahi kuzidi."

Odongo, aliyekuwa pale akifunga mkanda wa pampu ya maji, alimtazama Ndalahwa. "Sema basi!"

Ndalahwa alikuwa ameinua kiroba kifuani. Alikiweka kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki, akapitisha mpira wa kufungia.

"Kaza vizuri, kaka," Mogesi alimwambia kwa heshima. "Mzigo wa jana uliyumba."

Ndalahwa akauvuta mpira kwa mikono miwili, akakaza.